Mguu Kwenye Chokaa

Mwalimu Kambale amefariki Butembo, na sisi wa Goma hatukuweza kwenda kumzika. Barabara imekatika tena kwa ajili ya vita, na anayetaka kufika kule inabidi azungukie Uganda, awe na pasipoti, awe na nauli, awe na moyo pia. Basi tulifanya tulichoweza. Tulikutana mtaani Himbi nyumbani kwa mwenzetu Esperance, wanawake wazima wenye miwani na magoti mabovu, tukaweka picha yake juu ya kabati la vyombo, tukasali, tukala maharagi na ndizi, tukamlilia. Binti mmoja wa Esperance, aliyekuwa akitupitishia sahani, aliuliza huyu mzee alitufundisha somo gani. Mama yake akamjibu: "Bezboli." Msichana akacheka mpaka akaweka sahani chini. Bezboli, Goma, na wakati wa waasi? Alidhani tunamtania. Mimi nilikasirika, nakiri, kwa sababu mtoto anayezaliwa baadaye hudhani kuwa wakati wa vita watu hawakufanya kitu kingine ila kukimbia na kufa. Tulifanya mengi. Tulikaanga sambaza, vidagaa vya ziwa letu, tulisukana nywele, tulipigania mistari ya chokaa. Nilirudi nyumbani na hasira yangu nikaanza kuandika haya.

Ulikuwa mwaka wa volkano, si hii ya juzijuzi, bali ile iliyopita katikati ya mji na kushuka mpaka ziwani. Habari za ukoo wangu naziacha, hazina kazi hapa. Inatosha kusema kwamba bweni nililokuwa nikilala lilifunikwa lote, na nilipopanda juu ya lava kulitafuta nilishindwa hata kujua nimesimama juu ya chumba kipi. Mawe yalikuwa bado na joto, soli za viatu zilinata. Aliyeniona nikizunguka pale kama kuku ni Mama Sifa. Yeye alikuwa mjane, muuza sambaza, na nyumba yake ilikuwa chini ya miguu yetu, yote, pamoja na mabati yake mapya. Aliniuliza: "Weye mutoto, unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta kitanda changu. Akasema yeye pia anatafuta chake, tukitafute pamoja. Alikuwa amekwisha kuning'iniza shiting, turubai la msaada, juu ya miti minne, na siku hiyohiyo nikalala humo. Nilikaa naye mpaka nilipomaliza shule.

Chumba chetu kilikuwa hicho, shiting ya buluu iliyopiga kelele kwa upepo, mkeka, sufuria mbili na jiko la makala. Chini hapakuhitaji godoro la kutupasha moto, jiwe lenyewe lilikuwa na joto miezi kadhaa, na wiki za kwanza Mama Sifa alichemsha maji bila makala, juu ya ufa uliokuwa ukitoa mvuke mbele ya mlango. Nyuma yetu parseli yake, kile kiwanja chake, ilikuwa imeharibika kabisa: lava ilikuwa imejikunja ikawa mgongo mrefu kuliko mtu, hakuna nyundo iliyouweza. Mahali pa kujenga palibaki mbele tu, sehemu iliyolala sawasawa. Ili ijulikane kwamba ni yake, alifanya kama watu wote wa Goma walivyofanya mwaka ule. Alipima kwa hatua na kwa kumbukumbu, huku jirani wakimsaidia kukumbuka choo kilikuwa wapi na ua ulianzia wapi, kisha akapanga mawe kwa mstari. Karatasi zake ziliungua ndani ya nyumba. Mawe yale ndiyo yalikuwa karatasi, na kila asubuhi kabla ya kuosha uso alitoka kuyaangalia kama yapo.

Upande wa pili wa mawe palikuwa na uwanja wa Papa Deo, mfanyabiashara wa chumvi na mafuta. Depo yake, ghala lake la mali, ilikuwa imelala chini ya lava na kila kitu. Papa Deo hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke mapema. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye koti la suti alilovaa hata jua likiwaka, na alipenda mchezo wowote uliokuwa na mshindi. Mwalimu Kambale alipomwomba atuachie pale tucheze mpaka atakapoanza kujenga, alikubali bila kufikiri.

Mwalimu alitufundisha hesabu kwa diploma yake na bezboli kwa moyo wake. Alisomea Kampala, huko ndiko alikoujua mchezo huo, na alipopitisha marungu na mipira pale mpakani Bunagana, watu wa duwani, wale wa forodha, walimshika wakisema analeta silaha kwa kundi jipya la waasi. Aliwapanga uani, akawarushia mpira, akawaacha wapige. Walimwachilia jioni, na mmoja wao alimwomba arudi tena wiki inayofuata. Hadithi hiyo aliisimulia kila mara tulipokaa kula kwa Mama Sifa baada ya mazoezi. Tulikuwa wasichana wa kila aina, Wanande kama mimi, Wahunde, Esperance aliyekimbia vita kijijini Kalengera na kuongea Kinyarwanda na bibi yake, na mjini wakati ule watu walikuwa wakiangaliana kwa jicho baya kwa ajili ya lugha. Kwenye bugali na sombe ya Mama Sifa hakuna aliyeuliza kabila. Yeye alichouliza ni nani hajanawa mikono.

Sheria iliyotutesa kuliko zote ilikuwa ya ujia. Kutoka mahali pa kupiga mpira hadi kituo cha kwanza kuna mstari wa chokaa. Kuanzia katikati ya safari hiyo unachorwa mstari wa pili upande wa nje, na kati ya mistari hiyo panabaki ujia mwembamba, upana wa mlango. Mkimbiaji apite humo. Akitoka, kulia au kushoto, na kutoka kwake kukamzuia yule anayesubiri mpira kwenye kituo, ni auti, ametolewa, hata kama angefika wa kwanza. Tulilalamika. Unakimbia kwa nguvu zako zote, macho kwenye kituo, nani ataangalia miguu? Mwalimu alikuwa akijibu kwa upole uleule kila siku: "Mwenye kukimbia ako na njia yake. Mwenye kungoja mupira ako na macho yake. Usimunyime macho." Esperance aliigiza sauti hiyo vizuri mno, hata Mwalimu alicheka.

Uwanja ulikuwa mdogo. Upande mwingine lava bado ilifuka moshi, kwa hiyo mstari wa nje wa ujia uliangukia palepale kwenye mawe ya Mama Sifa. Katika mazoezi tulizoea. Tuliyagusa kwa miguu, tukachubuka, na Mama Sifa akatuweka chumvi kwenye vidonda huku akitugombeza kwamba tutamwangushia ukuta. Shida ilianza tulipopata mechi. Mwalimu alikuwa amewafundisha pia wasichana wa shule moja ya Bukavu, nao wangekuja kwa boti. Kibali kilitafutwa kwenye ofisi ya waasi, kikatoka, na mkubwa mmoja wa michezo aliahidi kuja. Lakini Mwalimu alisema hawezi kuchezesha wageni kwenye ujia uliojaa mawe. Mtu atavunjika mguu.

Alikuja kuongea na Mama Sifa siku ya mvua. Mimi nilikuwa nimejilaza nyuma ya pazia la kanga, wakadhani nimelala.

"Mama, ni mawe tu. Tutayaondoa asubuhi, tutayarudisha jioni," alisema Mwalimu.

"Moto ilikula nyumba yangu siku moja," alijibu Mama Sifa. "Asubuhi ilikuwa, jioni haiko."

"Niko hapa. Mimi mwenyewe nitayarudisha."

"Mwalimu, minakuheshimu sana. Lakini weye ukipoteza kazi utaandika barua. Miye nikipoteza mawe nitaandika nini?"

Mvua ikapiga shiting, nikasikia kijiko kikikoroga chai. Kisha Mwalimu akasema kitu ambacho sasa, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao siku ile, naona kilimgharimu, maana hakuwa mtu wa kuapa.

"Mama Sifa, mstari wa nje nitauchora chini ya mawe yako. Nitauchora kabla ya kuyaondoa, mbele ya shefu wa avenyu na watu wote. Chokaa italala pale mawe yalilala. Mutu akikuuliza mpaka wako, utaonyesha chokaa."

Mama Sifa alifikiri. "Na batoto batapata kucheza muzuri?"

"Watacheza vizuri."

"Bon. Kunywa chai, itapoa."

Nimeishi chini ya waasi wa majina mengi tangu wakati ule. Kila kundi lina mihuri yake, na kila kundi lina watu wanaokuja kukuambia leo ni siku ya furaha. Nimejifunza kutoamini ahadi nyingi. Ile ya Mwalimu niliiamini palepale, nikiwa nyuma ya pazia, na nililala usingizi mzito.

Siku ya mechi chokaa ililetwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, mzee mkavu mwenye kofia ya sufu, alisimama akaona Mwalimu akinyunyiza chokaa kwenye msingi wa mawe, jiwe kwa jiwe. Kisha mawe yakaondolewa, mstari ukabaki mweupe juu ya ardhi nyeusi. Mama Sifa alitembea nao kuanzia mwanzo hadi mwisho na kurudi. Watu walianza kufika, mji mzima ulikuwa na kiu ya kitu cha kutazama. Na hapo ndipo lilipotendeka kosa ambalo haliwezi kutendeka mji mwingine wowote. Watu hawakuwa na viti, waliona chungu ya mawe mazuri yaliyochaguliwa, yenye ukubwa wa kukalia, wakayachukua. Kila mmoja alibeba lake akalipeleka anakotaka kukaa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na Mama Sifa alikuwa akigawa chai. Jiwe jeusi likishawekwa kati ya mawe meusi, nani atalijua tena?

Mchezo nitausimulia mwisho wake tu. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, zamu yetu ya mwisho, wenzetu wawili walikwisha kuwa auti, na wa tatu angefunga mechi. Esperance alikuwa kituo cha tatu, amejikunja tayari kuruka. Zamu yangu. Nilikosa mpira wa kwanza, nikakosa wa pili, na wa tatu nilipiga upepo. Lakini bezboli ina huruma moja: ukikosa mara tatu, na mdakaji aliye nyuma yako akaponyokwa na mpira, bado una ruhusa ya kukimbia. Mdakaji wa Bukavu aliponyokwa. Mpira ulibingirika kulia, upande wa nje, kuelekea majiko ya Mama Sifa. Nikasikia watu wote wakiniita jina: "Kavira! Kimbia!" Nikakimbia. Niliingia kwenye ujia vizuri kabisa. Ila miguu yangu ilikuwa imezoea jambo jingine. Kila siku, asubuhi na jioni, nikiwa na ndoo au bila ndoo, nilipofika kwenye ule ufa niligeuka kulia, nikaruka mawe kuingia nyumbani. Sikufikiri. Nilipoukaribia, mguu wa kulia ulitua upande wa mlango wetu kama kawaida, nikageuza ncha yake kurudi kituoni, na palepale mpira uliorushwa na mdakaji ukanipata katikati ya mgongo.

Msichana wa kituo cha kwanza alikuwa amenyoosha mikono, haukumfikia. Nilikanyaga kituo. Esperance alifika mahali pa kupigia, pointi ya kusawazisha. Watu waliruka juu, sufuria ikamwagika, na katikati ya kelele hizo Mwalimu Kambale, ambaye alikuwa mwamuzi kwa sababu hakuna mwingine katika majimbo yote mawili ya Kivu aliyezijua sheria, alinyanyua mkono na kusema: "Auti. Mkimbiaji ametoka kwenye ujia." Mechi ikaisha hapo.

Papa Deo alivamia uwanja na suti yake. Alilala kifudifudi kwenye changarawe akaweka pua karibu na alama ya kiatu changu. "Auti ya nini? Angalieni! Kidole kiko juu ya chokaa! Mutoto hakuingia kwa Mama Sifa, alikanyaga mustari!" Mwalimu alichuchumaa upande wa pili, akaonyesha kisigino kilichopita nje. Watu wakaja kwa makundi kuangalia, wa Bukavu, wa Goma, hata yule mkubwa wa michezo na walinzi wake wenye bunduki. Kila mtu aliinama, kila mtu akatoa hukumu yake. Mimi nilikuwa nimekaa chini nalia, mgongo unawaka. Nilimchukia Mwalimu siku ile. Mwamuzi gani anamtoa mtoto wake mwenyewe, tena kwa kisigino? Kisha mvua ikaja, ile ya Goma isiyopiga hodi, watu wakatawanyika, na asubuhi hapakuwa na chokaa wala mstari wa mawe.

Siku chache baadaye, kabla Mwalimu hajapanga mawe mengine kama alivyoahidi, Papa Deo alileta waashi. Kamba zao zilipita hatua kadhaa ndani ya sehemu ya Mama Sifa, karibu ziguse shiting yetu. Alikuwa na karatasi mpya kutoka ofisi ya ardhi ya waasi, na sidhani alikuwa akiiba kwa makusudi. Alikuwa amejiaminisha kwamba depo yake ilifika pale, kama mtu anavyokumbuka sahani yake ilikuwa kubwa wakati wa njaa. Lakini kamba ile ikibaki, Mama Sifa angebaki na ule mgongo wa lava na mahali pa kuweka choo. Hakulala siku zile. Alikaa kwenye mkeka akikunja na kukunjua kitambaa chake cha kichwa, na chakula alikipika bila chumvi.

Shefu wa avenyu aliitwa. Alikuja na kiti chake, akakaa mbele ya shiting, na watu wa avenyu wakazunguka. Mama Sifa alionyesha kwa mkono mawe yalipokuwa. Papa Deo alionyesha kamba yake. Mwalimu alisema yeye ndiye aliyechora mstari, na akaonyesha palepale alipoonyesha Mama Sifa.

"Chokaa haiko," alisema Papa Deo, bila ukali. "Na weye Mwalimu unakulaka kwa Mama Sifa. Na batoto bako banakulaka pale. Mutasema vile anasema."

Ilikuwa kweli. Shefu aliwatazama watu. "Chokaa niliiona, lakini macho ya muzee hayakumbuki tena ililala wapi. Kuna mwingine anajua mpaka?"

Mwanamke mmoja wa nyumba ya juu, ambaye hakuwahi kula kwetu hata siku moja, alisema kwa sauti ya kawaida: "Si pale huyu mutoto alikuwa auti?"

"Hakukuwa auti!" akasema mwanamume nyuma yake.

"Alikuwa! Kisigino kilitoka. Niliona na macho yangu."

"Uliona nini, ulikuwa nyuma ya sufuria!"

Basi ikaanza. Kila mtu alikuwa na lake, watu wakapandisha sauti, vidole vikaelekezwa, na vidole vyote, vya waliosema auti na vya waliosema si auti, vilielekea sehemu moja, pale ufa unapogeuka. Papa Deo alijizuia kwa muda. Niliona shingo yake ikivimba juu ya kola. Halafu uvumilivu ukamwisha. Aliruka kamba yake mwenyewe, akaenda mpaka kwenye ufa, akachuchumaa na kupiga ardhi kwa kiganja. "Hapa! Kidole chake kilikuwa hapa, juu ya chokaa! Hapa, nilisema na nitasema mpaka kufa! Mutoto hakuingia kwa Mama Sifa!"

"Kisigino kilikuwa hapa, Papa Deo," alisema Mwalimu, akionyesha kando yake, nafasi ya upana wa dole gumba.

"Hapana! Hapa!"

Shefu aliinuka kwenye kiti. "Mumeniita niamue hatua, na minawakuta munapigania kidole," alisema. "Papa Deo. Upande huu wa chokaa, kulikuwa kwa nani?"

Papa Deo alifungua mdomo. Alitazama mkono wake uliokuwa bado chini, kisha akageuza kichwa kuiangalia kamba, iliyokuwa mbali nyuma yake. Ningeweza kumsamehe kama angedanganya, sote tulikuwa tumepoteza vitu mwaka ule. Alijifuta jasho kwa mkono wa suti.

"Kwa Mama Sifa," alisema.

Mama Sifa alijifunika uso kwa kitambaa na kulia, kilio cha kwanza nilichomsikia akilia tangu nimjue. Shefu aliniita. Aliniambia niweke mguu wa kulia pale ulipokuwa siku ile na nisiutoe, watu waanzie kupanga kwangu. Nikaenda, nikauweka. Papa Deo na Mwalimu walinisogeza kidogo huku na kidogo kule, bado wanabishana. Esperance na wenzake walikimbia kutafuta mawe. La kwanza alilibeba Papa Deo mwenyewe, akihema, suti yote vumbi, akalishusha karibu na kiatu changu.

Mwalimu aliinama kulinyoosha. Alikuwa karibu sana na sikio langu. "Bado ni auti, Kavira," alininong'oneza.

"Ndiyo, Mwalimu," nilimjibu, nikajikaza pale kisigino kilipokuwa kimetoka, na sikuuondoa mguu mpaka mstari wote ulipokamilika.